Aliacha vidonge siku ya 17: kisa cha bonge la damu mguuni, Kigoma

Mama anayezungumziwa hapa ameridhia kisa chake kiandikwe. Umri wake na mambo mengine machache yamebadilishwa ili asitambulike. Ninaandika nikiwa muuguzi niliyekuwa zamu siku aliporuhusiwa mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyemwandikia tarehe ya kurudi kliniki. Tarehe hiyo ni sehemu kubwa ya kisa chenyewe.

Mazingira ya mgonjwa

Tumwite Mama S. Ana miaka arobaini na kidogo, watoto wanne, na anauza dagaa na mawese sokoni. Mumewe hukaa ziwani wiki kadhaa kabla ya kurudi. Nyumbani yupo na mama mkwe, wifi yake, na watoto, mkubwa wao akiwa binti wa kidato cha pili. Hakuwa na kisukari wala presha, na hakuna aliyekumbuka mtu katika ukoo wao aliyewahi kuganda damu. Tangu ajifungue mtoto wa mwisho hedhi yake ilikuwa nzito, siku sita hadi saba. Hilo tulilijua tukiwa tumechelewa.

Bodaboda ilimwangusha akivuka barabara, akavunjika mfupa wa muundi. Akafungwa plasta ngumu, hogo kama watu wanavyoita, kwa wiki sita. Mguu uliofungwa hivyo hauchezeshi misuli, na misuli ya kigimbi ndiyo inayosukuma damu kupanda kurudi moyoni. Isipofanya kazi, damu hutuama. Mwili nao, ukiwa unahangaika kuponya mfupa, unakuwa mwepesi kugandisha damu. Mambo hayo mawili yakikutana, bonge hujijenga kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za ndani bila kelele.

Hogo lilipotolewa, kifundo kilikuwa kimevimba. Aliambiwa ni kawaida, na mara nyingi kweli huwa kawaida. Nyumbani akaanza kuchuliwa na bibi mmoja mwenye mikono inayoaminika mtaani, kwa mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) yaliyopashwa moto, asubuhi na jioni. Siku ya tano uvimbe ulikuwa umefika pajani, ngozi inang'aa na ina joto, na hawezi kukanyaga. Jirani akasema amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Wifi yake akasema twende hospitali kwanza, mengine yatafuata. Nimemshukuru wifi huyo mara nyingi moyoni.

Tulivyoamua mwanzo

Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha bonge kuanzia nyuma ya goti hadi kwenye vena kubwa ya paja. Kifua kilikuwa safi na alipumua vizuri. Figo zilikuwa sawa, kipimo cha mimba kilikuwa hasi, hakuwa akitumia dawa za kifua kikuu wala za kifafa. Maswali hayo si ya kujaza fomu tu. Rifampisini ya kifua kikuu, kwa mfano, huharakisha ini kuiondoa mwilini dawa ya kuzuia damu kuganda, kiasi kwamba mgonjwa anameza kila siku na bado hana kinga. Mimba nayo inafunga kabisa mlango wa vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, na hapo mgonjwa hurudi kwenye sindano za heparini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni warfarini, dawa ya zamani iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1954. Inafanya kazi, lakini inahitaji sindano za heparini kwa siku zisizopungua tano mwanzoni, na kupima INR, yaani kasi ya damu kuganda, mara kwa mara ili kiwango kisizidi wala kupungua. Kwetu vitendanishi vya kipimo hicho hukatika. Ya pili ni rivaroksabani, mojawapo ya dawa mpya za kundi ambalo Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Kiwango chake hakibadiliki kila wiki, haihitaji INR, haigombani na mboga za majani, na inaanza kufanya kazi ndani ya saa chache.

Daktari alichagua rivaroksabani: miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha miligramu 20 mara moja kwa siku hadi mwisho wa miezi mitatu, ndipo atathminiwe upya. Hadi leo naona uchaguzi ule ulikuwa sahihi.

Siku ya pili aliruhusiwa. Mfamasia alimwambia, "Moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula." Nami nikaandika kwenye kadi: kliniki baada ya siku 30. Alinunua boksi la kwanza, vidonge 42, kwa pesa ambayo ilikuwa mtaji wa dagaa. Boksi la miligramu 20 angelinunua la kwanza likiisha. Mazungumzo yote, tangu kuvaa viatu hadi kupanda bajaji, yalichukua kama dakika kumi.

Yaliyotokea nyumbani

Haya tuliyapata baadaye, mengine kwa binti, mengine kwa Mama S. mwenyewe alipokwisha kutuzoea.

Wiki ya kwanza mguu ulipungua. Kidonge cha jioni alikimeza na ugali. Cha asubuhi alikimeza saa 11 alfajiri na chai ya rangi, kabla ya kwenda sokoni, kwa sababu kwake chai ya asubuhi ndiyo kula. Vidonge vya rivaroksabani vya miligramu 15 na 20 vinahitaji chakula halisi tumboni. Kile cha 20 kikimezwa tumbo likiwa tupu, mwili hupokea karibu theluthi mbili tu ya dawa. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa akipata chini ya alicholipia, na hakuna dalili yoyote ambayo ingemwonyesha hivyo.

Kisha mama mmoja wa jirani anayetumia warfarini akamwonya aache mboga za majani. Akaacha sombe (kisamvu), akaacha matembele. Onyo hilo lina maana kwa mtu wa warfarini, maana vitamini K iliyomo kwenye mboga huivuruga dawa ile. Kwa Mama S. lilimnyima tu chakula chenye madini ya chuma, na siku chache mbele angehitaji kila chembe yake.

Siku ya 12 mguu uliuma baada ya kusimama sana. Duka la dawa lilimuuzia diklofenaki. Muuzaji hakumuuliza anatumia nini kingine, naye hakujua kwamba ni jambo la kusema. Diklofenaki na dawa ya kuzuia damu kuganda zikikutana, hatari ya kutoka damu huongezeka.

Siku ya 14 hedhi ilianza. Ilikuja kwa namna ambayo hajawahi kuiona tangu avunje ungo: pedi inalowa ndani ya saa moja, mabonge, usiku anaamka kubadilisha shuka. Alimwambia wifi peke yake. Siku ya 16 alirudi dukani akaeleza kwa kuzungukazunguka, na jibu alilopewa lilikuwa, "Pumzisha kwanza hiyo dawa, damu ikikata utaendelea."

Siku ya 17 akaacha. Damu ilipungua taratibu, ikakata siku ya 20. Hakurudia vidonge. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu: "Nesi, mguu ulikuwa umeshapungua. Nikajua bonge limeyeyuka."

Usiku wa siku ya 23

Aliletwa na bajaji saa 4 usiku. Jioni ile, akipandisha mlima kutoka sokoni, pumzi ilimkatikia. Kifua kilichoma kila alipovuta hewa, na paja lilikuwa limevimba tena. Mapigo ya moyo yalikuwa 124 kwa dakika, oksijeni asilimia 90, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) 7.8.

Picha ya CT ya mapafu haikuwezekana usiku ule. Kipimo cha mguu kilionyesha bonge limepanda zaidi ya mara ya kwanza. Kwa dalili zile, daktari wa zamu hakusubiri uthibitisho: alimchukulia kuwa kipande cha bonge kimekatika na kukwama kwenye mishipa ya mapafu.

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Tulikuwa na mtu aliyepoteza damu nyingi, ambaye tiba yake ni dawa inayorahisisha kutoka damu. Tulifikiria pande zote mbili. Hedhi ilikuwa imekata siku tatu zilizopita, na hapakuwa na mahali pengine palipovuja. Bonge la mapafu lingeweza kumuua kabla ya asubuhi. Uamuzi ukawa oksijeni, chupa moja ya damu, na sindano za enoksaparini, aina ya heparini, chini ya ngozi kila saa 12 kwa kadiri ya uzito wake. Sindano zilichaguliwa badala ya kurudi moja kwa moja kwenye vidonge kwa sababu akianza kuvuja wodini tungeweza kuzisimamisha, na dawa iitwayo protamini ingepunguza nguvu yake kwa sehemu. Asidi ya traneksamiki, ambayo mtu angeikimbilia kwa hedhi nzito, iliachwa kabisa, kwa kuwa inalinda mabonge yasivunjike.

Asubuhi tulihesabu vidonge kwenye boksi lake. Kama angemeza vyote hadi siku ya 16, vingebaki 10. Vilikuwa 13. Jioni tatu alisahau.

Wodini

Siku nne za sindano zilimtuliza. Daktari wa kina mama alimkuta na uvimbe mdogo kwenye kizazi, akamwanzishia vidonge vya homoni ya projesteroni pekee na kuepuka vyenye estrojeni, akaongeza vidonge vya madini ya chuma. Tuliulizia apiksabani, dawa nyingine ya kundi la rivaroksabani, ambayo kwa wanawake wengi haizidishi hedhi kama rivaroksabani, lakini upatikanaji wake wa kila mwezi hapa mjini haukuwa wa kutegemea, na dawa nzuri inayokatika ni hatari kuliko dawa ya wastani iliyopo. Akarudishwa kwenye rivaroksabani. Kwa kuwa bonge lilikuwa limekua, daktari alianza kuhesabu siku 21 upya, siku nne za sindano zikiwemo. Muda wote wa tiba ukaongezwa kuwa miezi sita.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi halikuwa la dawa. Mama S. hakulala. Alikaa wima kitandani usiku kucha, ameshika kifua. Kila kichomi kilikuwa mwisho wa dunia. Nilipomwambia oksijeni imefika 96, alitazama namba, akanitazama mimi, asiamini hata moja.

Tulimwomba fundi cherehani mmoja, aliyewahi kulazwa kwetu kwa tatizo kama lake mwaka uliotangulia, aje amsalimie. Alikubali. Alikaa kwenye benchi pembeni ya kitanda, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na baada ya kimya Mama S. akamuuliza, "Kaka, uliacha lini kuogopa?" Akajibu, "Sikuacha siku moja, dada. Ilikuwa inapungua. Mwezi wa tatu nikasahau kuhesabu pumzi." Usiku ule alilala saa tano mfululizo.

Tulivyomfuata baada ya hapo

Safari hii kuruhusiwa kulichukua siku mbili. Tulimwita binti na wifi. Badala ya kusema "baada ya kula", tuliuliza: asubuhi unakula nini, saa ngapi? Kidonge cha kwanza kikahamishwa hadi saa 4, anapokula wali au chapati na maharage sokoni. Cha pili saa 3 au 4 usiku, na ugali. Nilimwomba anieleze yeye atakavyofanya, nikanyamaza mpaka amalize.

Tukamweleza, polepole, kwamba dawa haiyeyushi bonge. Inalizuia lisikue na mapya yasizaliwe, na mwili wenyewe ndio unaolimega kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Kwa hiyo mguu kuvimba jioni si ushahidi kwamba dawa imeshindwa, na mguu kupungua si ushahidi kwamba kazi imekwisha. Rivaroksabani hubaki mwilini kwa muda mfupi. Ukiiacha leo, kesho kinga imekwisha.

Akisahau kidonge cha miligramu 15, akimeze siku hiyo hiyo akikumbuka, hata kama ni viwili kwa pamoja ili jumla ya siku hiyo itimie miligramu 30. Akifika kwenye cha 20, akimeze siku hiyo anapokumbuka, wala asirundike viwili kesho yake. Binti alichora jedwali kwenye ukurasa wa daftari na kulibandika nyuma ya mlango.

Alipewa kadi ngumu ya kuonyesha kila duka la dawa, kila mchoma sindano, kila daktari wa meno: ninatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, usinipe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila daktari wangu kujua. Kwa maumivu, parasetamoli. Kuhusu kuchuliwa, tulimwita yule bibi mwenyewe. Alikuja na kanga yake ya heshima. Tulimsalimu shikamoo, tukamweleza kilichomo ndani ya mshipa na kwa nini mguu huu usibonyezwe kwa sasa. Alisikiliza, akauliza ataujuaje mguu wa namna hiyo akiletewa mwingine. Tukamwonyesha: umevimba upande mmoja, una joto, unauma ukibonyezwa kigimbi, hasa kwa mtu aliyefungwa hogo, aliyejifungua karibuni au aliyelazwa. Tangu hapo ametuletea wagonjwa wawili.

Mama S. ana simu ya kitochi. Nilimpigia siku ya tatu, ya kumi, na siku moja kabla ya kuhamia kidonge cha 20, nikahakikisha boksi jipya limeshanunuliwa. Siku ya kwanza ya hedhi iliyofuata alitakiwa abipu, nami nimpigie. Alibipu. Hesabu ya pedi ilikuwa sita kwa siku, siku tano. Tuliendelea bila kusimamisha dawa.

Matokeo

Miezi sita ilikamilika bila bonge jipya. Himoglobini ilipanda hadi 11.9, na sombe imerudi mezani. Mguu haujarudi kama zamani: jioni unakuwa mzito na kifundo kinajaa, jambo linalowapata wengi waliowahi kuganda damu kwenye vena za paja. Anafunga bandeji ya kuvutika kwa sababu inampunguzia uzito, ingawa tulimweleza wazi kwamba haina ahadi ya kuzuia tatizo hilo. Anauza dagaa akiwa amekaa, mguu juu ya kreti.

Uchambuzi

Nimekirudia kisa hiki kichwani mara nyingi, na kila mara ninafika mahali pamoja. Tulipoiacha warfarini tulifurahia kuondokana na kupima INR, tukasahau kwamba kipimo kile kilikuwa ndicho kinachomleta mtu kliniki. Mgonjwa wa warfarini tulimwona kila wiki mwanzoni. Akiwa kwenye foleni ya damu ndipo alipouliza kuhusu mboga, ndipo alipomnong'oneza muuguzi habari za hedhi, ndipo tulipoona diklofenaki kwenye mfuko wake. Dawa mpya iliondoa foleni, na sisi hatukuweka kitu mahali pake. Mama S. alipewa dawa bora na akaachwa peke yake nayo.

Tarehe niliyoandika inaonyesha hivyo waziwazi. Siku 21 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa zaidi, siku ya 22 kipimo cha kidonge kinabadilika, na mimi nilimwita siku ya 30. Niliandika 30 kwa sababu ndiyo tuliyozoea kuandika. Sasa tunaandika mara mbili: siku ya 7, na siku ya 20 akiwa na boksi lililobaki mkononi.

Swali la hedhi lilikosekana kabisa. Daktari aliyeandika na mfamasia aliyetoa walikuwa wanaume, lakini sitaki kujificha nyuma yao, kwa kuwa nilikuwepo na mimi ni mwanamke. Kila mwanamke anayepata hedhi na kuanzishwa rivaroksabani anapaswa kuulizwa hedhi yake ikoje, na kuambiwa kwamba inaweza kuzidi, na kwamba ikizidi kuna la kufanya ambalo si kuacha dawa. Angeambiwa, siku ya 14 isingekuwa ya kuogofya vile. Alikuwa na akili timamu kabisa alipoacha: aliona damu inamwisha, akasimamisha kilichokuwa kinaitoa. Hatukumkaripia, na naamini ndiyo sababu alitueleza yote, hata vile vidonge vitatu.

Duka la dawa nalo nililaumu mwanzoni kwa hasira. Baadaye nikajiuliza ni nani aliyemfundisha muuzaji yule kuhusu dawa hizi. Kadi ngumu inamsaidia mgonjwa na inamsaidia muuzaji vilevile, maana inasema kile ambacho mgonjwa hajui kwamba anapaswa kukisema.

Lililofanya kazi zaidi ya nilivyotegemea ni fundi cherehani. Hatuna mshauri wa saikolojia kwenye wodi yetu. Kumbe tunao watu mtaani waliopita njia hiyo hiyo, na wengi wao wakiombwa hawakatai.

Tumebadilisha pia maneno tunayowaambia wagonjwa wakati wa Ramadhani. Kwa mfungaji aliyefika kwenye kidonge cha 20 tunakipanga na futari yenye chakula, si tende na maji pekee. Aliye kwenye siku 21 za mwanzo tunamtaka aonane na daktari kabla ya kufunga, badala ya kujipangia mwenyewe daku na futari.

Mama S. amemaliza vidonge, lakini anajua mahali ambapo hatari inaweza kurudi: akifungwa hogo tena, akifanyiwa upasuaji, akishika mimba, akikaa safarini muda mrefu. Mwezi uliopita alipanda treni kwenda Tabora kumwona dada yake. Alinibipu kutoka Kaliua. Nilipompigia, alitaka tu nijue kwamba ametembea behewani mara tatu, maji amekunywa, na kifundo hakijajaa.